Boflo za Mwatima na soketi ya Bi Mwanapili

"Umeme wangu unaupanda wewe, mimi napanda miguu yangu! Ndio ujirani huo?"

Saa kumi na mbili asubuhi, na Bi Mwanapili Duni keshasimama kwenye kizingiti cha mlango wake na waya wa chaja mkononi. Ameuchomoa ukutani. Anautikisa kama mtu aliyemkamata panya kwa mkia.

Aliye mbele yake ni Mwatima Mjaka, jirani wa nyumba ya pili, mwenye umri wa miaka thelathini na nane. Ameshika usukani wa baiskeli ya buluu iliyofungwa kreti la plastiki nyuma. Ni baiskeli ya umeme, ya pekee katika kijiji hiki kilicho baina ya Konde na Micheweni. Kreti limejaa boflo, mikate ya moto aliyotoka kuichukua Konde, na harufu yake imeshawatoa watu majumbani.

"Bi Mwanapili, sikukuacha kwa ubaya. Baskeli hii haikutengenezwa kupakia mtu."

"Haikutengenezwa! Baskeli ya marehemu baba yako ilipakia mbuzi, ikapakia gunia la karafuu, na mama yako juu yake!"

Barazani watu wanacheka. Wengine wamekuja kusubiri boflo, wengine wamekuja kusubiri ugomvi, na wa ugomvi ndio wengi.

Mzee Mmanga, ambaye kila asubuhi hukaa pembeni na kikombe chake cha kahawa, anaombwa aamue. Anainua mikono yote miwili.

"Mie msinitie. Mie na baskeli hiyo tuna kesi yetu."

Kicheko kinazidi. Mwatima mwenyewe anauma mdomo asicheke.

Kisa ni cha jana mchana. Bi Mwanapili alikuwa akitoka shamba, furushi la muhogo kichwani, anateremkia bonde la Mtondooni. Mwatima akamkuta, akampita. Hakusimama, hakupunga mkono, hakutoa salamu.

Kwa Pemba hilo si jambo dogo. Mwenye chombo akimkuta mtu mzima njiani ana mzigo, humpakia. Akishindwa kumpakia, angalau humsalimu, akamuuliza hali, na watu wa nyumbani, na shamba linaendaje.

"Kanipita kama jini," Bi Mwanapili anaieleza baraza nzima. "Sikusikia hata upepo. Naona baibui tu linaondoka!"

Zito kuliko salamu ni huo waya ulio mkononi mwake. Nyumba ya Mwatima haina umeme. Nguzo ziliishia ubavuni mwa nyumba ya Bi Mwanapili, na kwa zaidi ya mwaka sasa betri ya baiskeli imekuwa ikilala sebuleni kwa jirani huyo, kwenye soketi iliyo chini ya saa ya ukutani. Mwatima huchangia fedha ya umeme na kila asubuhi huacha boflo mbili. Betri hutaka saa sita ijae, na Konde yeye hafiki ila kupakia mikate na kuondoka. Bila ya soketi hiyo, hakuna kazi.

Alfajiri ya leo alipokwenda kuichukua betri, aliikuta nje ya mlango. Haikuchajiwa. Lakini ilikuwa imefunikwa kanga vizuri, isiingie umande.

Mwatima anatoa boflo mbili na kuzinyoosha mbele. Bi Mwanapili anazitazama, anamtazama aliyezileta, kisha anageuka na kuingia ndani pamoja na waya wake. Mlango haubamizwi. Unarudishwa taratibu tu, na barazani wanasema hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Mwatima anazirudisha boflo mbili kwenye kreti, anazifunga peke yake kwenye karatasi. "Hizi siuzi," anasema.

Kwenye usukani kuna kioo kidogo kinachoonesha nguvu ya betri kwa vijiti vitano. Leo vimebaki viwili, na mbele yake kuna vijiji vinavyosubiri chai.

Haondoki kwa pupa, hata leo. Anabonyeza mipira kwa kidole gumba. Anabana breki ya kulia, kisha ya kushoto, akiisukuma baiskeli mbele na nyuma. Anatikisa kreti kuona kamba haijalegea. Mwisho anainama na kufunga pindo la baibui lake kwa mpira kwenye kila kifundo cha mguu.

"Nguo ndiyo adui wa mwanzo," anasema. "Wiki ile nimeipata, pale sokoni Konde, gurudumu lililila baibui langu mbele ya watu. Nikawa nimefungwa na baskeli kama mbuzi wa Idi. Ilibidi likatwe kwa kisu cha muuza samaki."

Tangu hapo mabaibui yake ya kazi yana upana mdogo chini, na ndani huvaa suruali. Wapo waliosema. Mwatima anasema waliosema wengi wao hununua boflo kwake.

Kabla ya hapo, kwa muda wa miaka kumi, alikuwa akilima mwani pwani ya Micheweni. Kazi ya kuinama majini, anasema, ilimwachia mgongo unaotabiri mvua kuliko redio. Bei ya mwani ilipoporomoka alianza kuchuuza boflo kwa miguu, thelathini kwa siku, beseni kichwani.

Baiskeli aliipata wakati hoteli moja ya watalii ilipokuwa ikiuza vyombo vyake vilivyochakaa, mwaka uliofuata uchaguzi wa 2020. Alitoa akiba yote ya mwani. Mumewe, ambaye ni mvuvi, aliizunguka kwa siku mbili, halafu akamuuliza kama ina taa.

Leo anauza boflo tisini hadi mia, na kila moja humwachia shilingi hamsini. "Si utajiri," anasema. "Lakini watoto watatu wanakwenda skuli na viatu, na mie mgongo umenisahau."

Aliyemfundisha kuiendesha ni Hafidh, fundi baiskeli wa Konde, mtu mwembamba anayezungumza huku mdomo umeshika spana. Yeye mwenyewe hakuwahi kuifungua baiskeli ya umeme kabla ya hiyo. Walijifunza pamoja, kwenye uwanja wa mpira, jioni baada ya jioni, na nusu ya Konde wakiwa watazamaji.

"Watu wanadhani hatari ni umeme, kwamba itakupiga shoti," anasema Hafidh. "Umeme haujamuumiza mtu. Kinachoumiza ni uzito na mwendo. Hii ni nzito mara mbili ya baskeli ya kawaida, na inaondoka kabla hujajitayarisha."

Mkono wa kulia una kishikio cha kusokota. Ukikisokota kidogo, mota inavuta na baiskeli inakwenda bila ya kukanyaga. Ukibana breki, mota inakata yenyewe, lakini gurudumu haliachi kwenda. Kwa hiyo Hafidh humsisitizia: bana mapema, bana zote mbili, na kwenye mchanga usibane ya mbele peke yake.

Kishikio hicho ndicho chanzo cha ile kesi ya Mzee Mmanga.

Ilikuwa mwezi wa mwanzo wa kuiendesha. Mwatima alisimama mbele ya baraza, mguu mmoja chini, mkono wa kulia bado uko kwenye usukani, baiskeli haijazimwa. Mzee Mmanga akainuka kumsalimu. Mzee huyu anajulikana: akikushika mkono hauachii mpaka amalize kuuliza watoto, mume, wagonjwa na mifugo. Kwa kuwa mkono wa Mwatima haukuja, yeye akaufuata hapo hapo ulipo. Akaushika juu ya kishikio, akautikisa kwa mapenzi yote.

"Waambaje, mwanangu?"

Baiskeli ikaondoka.

"Ikaondoka na mie!" anasimulia Mzee Mmanga, na kila akisimulia masafa huongezeka. "Nimeshika mkono wa mtu, siwezi kuuachia, salamu haijaisha! Tumekwenda hivyo mpaka kwenye banda la kuku la Bi Mwanapili."

Mwatima alichubuka goti. Mzee alipoteza kiatu. Boflo zilimwagika barabarani, na mbuzi wa mtaa mzima walipata chai siku hiyo.

Tokea hapo Mwatima ana sheria yake, na watoto wa kijiji wameigeuza wimbo wa kumchokoza: zima kwanza, salimu baadaye. Akitaka kusimama na mtu, husimamisha baiskeli, huzima, huchomoa ufunguo, hushuka, ndipo hutoa mkono. Wazee wengine hawakupenda. Wanasema mtu anakusalimu kama anayefunga duka.

Sheria ya pili ni hiyo ya kutopakia mtu, na hapa hana mchezo. Kwenye chuma cha nyuma kumeandikwa kilo ishirini na tano. Kreti la boflo halifiki hapo. Mtu mzima anavuka mara mbili.

"Halafu mama zetu wanakaa upande," anaeleza. "Kanga inaning'inia, baibui linaning'inia, miguu yote upande mmoja. Kwenye kilima mbele kunakuwa kwepesi, usukani unacheza. Nikimwangusha Bi Mwanapili na nyonga yake ile, nitamwambia nini mwanawe?"

Barabara ya kuelekea Micheweni huanza na migomba na kumalizikia kwenye mawe. Ardhi ya huko ni ya matumbawe, udongo haba, na pembeni mwa lami upepo hurundika mchanga mweupe. Mwatima anauona kwa mbali na kupunguza mwendo kabla hajaufikia. Kila kona anapiga kengele.

"Haina sauti, hiyo ndiyo shida yake," anasema. "Pikipiki inajitangaza. Hii watoto hawaisikii, kuku hawaisikii. Lazima mimi niwe ndio sauti yake."

Anasema hivyo, kisha anapiga kengele tena ingawa kona haipo, kama mtu aliyesikia neno lake mwenyewe.

Nyumba kwa nyumba anapiga hodi na boflo zinatoka. Tatu hapa, tano pale, kumi kwa mama mmoja anayekaanga samaki wa kutia ndani ya boflo. Habari ya ugomvi imeshafika kabla yake. Haijulikani imepita njia gani, kwa sababu hakuna aliyempita barabarani.

"Nasikia umezimiwa umeme," anasema mama wa samaki.

"Nani kakwambia?"

"Si unazungumzwa. Nasikia Bi Mwanapili kautupa waya kisimani."

"Yupo nao ndani, wallahi."

"Basi hajakasirika sana," anasema mama huyo, na kumwongezea kipande cha samaki.

Ili kutunza betri, sehemu za tambarare Mwatima anakanyaga kwa miguu na kuiacha mota ilale. Anaitumia kwenye vilima tu. Hata hivyo, inapokaribia saa sita, akiwa njiani kurudi na kreti limebaki na zile boflo mbili za karatasi, kijiti cha mwisho kinaanza kumetameta. Anaushuka mteremko wa Mtondooni kwa breki, mikono yote miwili kazini. Chini kabisa ya bonde, baiskeli inatoa mlio mdogo na kioo kinakuwa cheusi.

Anashuka. Anaanza kuisukuma kilima kilichobaki. Ikiwa na betri ndani, ni kama kusukuma ng'ombe asiyetaka.

Nusu ya kilima, kwenye njia ya mkato inayotoka mashambani, anatokea Bi Mwanapili na furushi lake la muhogo. Wanatazamana. Hakuna pa kujificha. Barabara ni moja.

"Asalaam alaykum, Bi," anaanza Mwatima.

"Waalaykum salaam." Hatua chache. "Imekufa?"

"Imekwisha chaji."

"Mh."

Wanakwenda sambamba. Bi Mwanapili anahema kwa mzigo, Mwatima anahema kwa baiskeli. Mwisho Mwatima anasimama na kugonga kreti.

"Mzigo wako utie humu, Bi. Mzigo inachukua. Mtu ndio haichukui."

Furushi linaingia kwenye kreti. Bi Mwanapili anajinyoosha kiuno, anashika chuma cha nyuma na kusaidia kusukuma. Kwa mara ya kwanza tangu jana sauti yake inashuka.

"Jana, kwa nini hukunisalimu?"

"Nilikuwa nateremka, Bi. Pale pana mchanga. Mkono mmoja ukitoka kwenye breki, naanguka."

"Mikono ilikuwa na kazi, sawa. Mdomo nao ulikuwa umebana breki?"

Mwatima anaegemea usukani na kusukuma. "Hapo umenipata," anasema.

Bi Mwanapili hakimbilii kushangilia. Anaisukuma baiskeli kwa mikono miwili.

"Wewe ile miaka ya tisini ulikuwa mdogo. Vyama vilipoingia, watu walikuwa hawanunui dukani kwa mwenzao, hawendi kuzikana. Jirani yangu wa ukuta mmoja, tumekopeshana chumvi maisha yetu yote, akawa ananipita hapa hapa Mtondooni kama haoni mtu. Mwaka mzima. Namsikia anakuja, nasema leo atasema. Anapita." Anafuta jasho kwa ncha ya kanga. "Tukaja tukapatana. Kaja kufa tumepatana, alhamdulillahi. Lakini mtu akinipita kimya mie, moyo wangu unarudi kule. Kupakiwa mie sitaki, mwanangu. Nyonga hii itakaa wapi? Nilisema kupakiwa kwa sababu ya hasira."

Mwatima anaisimamisha baiskeli, ingawa kilimani kuisimamisha ni kazi. Anaushika mkono wa Bi Mwanapili na kuubusu.

"Nisamehe, mama."

"Sukuma, itarudi nyuma hiyo."

Kabla hawajafika juu wameshapatana namna ya kupitana. Mwatima atapiga kengele tokea kichwani mwa mteremko na kuita salamu kwa sauti. Atateremka mikono ikiwa kwenye breki. Chini, pale tambarare, atasimama, atazima, atasubiri, na furushi litaingia kwenye kreti litangulie nyumbani. Bi Mwanapili ataendelea na miguu yake.

"Na usinipigie kengele kama mbuzi," anaonya. "Niite jina."

Njiani Mwatima anaeleza anakotaka kufika. Wanawake wanne wa kijiji, wawili kati yao bado wako kwenye mwani, wamemwomba awafundishe. Anataka aanze nao kwenye uwanja wa mpira baada ya mavuno ya karafuu, wakati uwanja hauna majamvi ya kuanikia karafuu: kwanza kufunga nguo, kisha breki, kishikio mwisho kabisa. Anataka pia nguzo mbili zaidi za umeme zifike nyumbani kwake. Ameshauliza, na ameambiwa asubiri.

"Nguzo zikifika, ndio utanihama?" anauliza Bi Mwanapili.

"Boflo zako mbili zitakuja pale pale."

"Sikuulizia boflo mie."

Barazani Mzee Mmanga anawaona kwa mbali wakiisukuma baiskeli pamoja, mmoja mbele, mmoja nyuma. Anaweka kikombe chini.

"Enhe! Leo imewapanda nyinyi!"

Bi Mwanapili anapitiliza mpaka ndani, na anaporudi kizingitini ana ule waya wa chaja, umekunjwa vizuri.

"Haya, lete hiyo betri. Soketi ipo wazi."

Mwatima ameshaichomoa, ameiweka kivulini na kuigusa kwa kiganja. Anatikisa kichwa.

"Bado ina moto, Bi. Haichajiwi ikiwa na moto, inaharibika, na nyumba yako ndiyo itakayoungua. Lazima ikae ipoe, nusu saa hivi."

Bi Mwanapili anaitazama betri. Anaitazama karatasi ya boflo mbili iliyobaki kwenye kreti, anaichukua na kuitia kwapani bila ya kuuliza ni ya nani. Kisha anausukuma mlango wake mpaka mwisho.

"Basi na ipoe. Nyie mnasubiri nini juani? Mmanga, na wewe acha kikombe hicho. Wali upo na pweza wa nazi yupo, nilipika kabla sijenda shamba. Vueni viatu, ingieni mle."